Kwa nini wimbo wa nyakanga unasikilizwa kuliko semina ya afya ya uzazi?

#1 BintiNewala

Habari za usiku wadau.

Niko Newala, Mtwara. Huu ni mwaka wa 6 niko kwenye kikundi cha kina mama kinachohangaika na mimba za utotoni. Tumefanya semina ukumbi wa kata, tumefanya shuleni, tumebandika mabango zahanati. Wasichana wanakuja, wanakunywa soda, wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanaondoka. Ukimuuliza mmoja wiki ya pili tulizungumza nini, anakutazama tu.

Juni mwaka jana tukawafuata manyakanga watatu wa kijiji cha jirani, wale wanawake wanaoongoza unyago, kabla wali, yaani wasichana wanaofundwa, hawajaingia ndani. Tulikaa nao jioni nyuma ya nyumba, wao wanakaza ngozi ya ngoma kwenye moto wa maganda ya korosho. Mkubwa wao, bibi wa miaka 70 na kitu, alitusikiliza mpaka mwisho: hatari ya kuzaa na miaka 14, kliniki, haki ya msichana kukataa, yote. Muda wote anaigonga ngozi kwa kidole, anatega sikio, anairudisha motoni. Tulipomaliza akasema, "Maneno yenu mazuri, ila hayana mguu. Mwali hafundwi kwa neno lisilochezeka."

Usiku uleule akatunga. Wimbo unamuuliza mama: shingo ya mtoto haijakomaa, nani kamtwisha mtungi? Waitikiaji wanajibu, "Mtueni." Basi. Hamna neno mimba mle, hamna neno uzazi wa mpango. Agosti napita bombani nakuta watoto wanauimba, hata ambao hawajachezwa unyago. Kuna baba alikuwa ameshapokea posa ya binti yake wa miaka 15. Siku ya kuwatoa wali nje wimbo ukapigwa, watu wakageuka kumtazama. Posa ilirudishwa kabla ya mwezi kuisha.

Nilikuwepo, nimeona. Ninachotaka kujua ni kilichofanya kazi hasa. Ni wimbo? Ni heshima ya bibi? Ni aibu ya yule baba? Msimu ujao tunataka kuwafikia manyakanga wa kata nzima na sitaki tukosee.

#2 Kigoda

Naweka mkeka hapa. Wajuzi wanakuja.

#3 MkungaWaZamu

Dada BintiNewala, pole na kazi. Mimi nina miaka 19 leba, na nasema kwa upendo: msije mkaupa wimbo sifa isiyo yake.

Mimba za utotoni zimepungua kitaifa. Utafiti wa Afya ya Uzazi wa 2015/16 ulikuta wasichana 27 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba. Ule wa 2022 ukakuta 22. Vifo vya uzazi kwenye tafiti hizohizo vimetoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hayo ni madaraja ya vituo vya afya yaliyopanda, vyumba vya upasuaji, magari ya wagonjwa, wakunga walioajiriwa.

Kituo kimoja nilichofanyia kazi zamani tulimpokea binti wa miaka 15, ametolewa unyagoni mwaka uliotangulia. Bibi yake alikuja naye, anamwimbia taratibu mgongoni, anampangusa jasho. Alijifungua salama, kisha damu ikaanza kumwagika. Benki yetu haikuwa na chupa hata moja ya damu. Sitaki kumalizia. Aliimbiwa, aliombewa, damu haikuwepo.

#4 Mchungulia_Dirisha

Mkunga kamaliza. Na mimi naongeza la pili: unyago wenyewe ndio chanzo. Mnamwingiza mtoto wa darasa la 3 ndani, mnamfundisha mambo ya chumbani, anatoka anaambiwa umekuwa mtu mzima. Halafu mnashangaa mimba. Sasa mnataka kumtumia mwizi kulinda duka?

#5 BintiNewala

#4, hoja yako tunaijua, tumelelewa ndani yake. Mimi nilichezwa na miaka 9. Kitu cha kwanza tulichowaomba manyakanga kilikuwa umri. Wawili walikubali kwamba asiyevunja ungo asifundishwe mambo ya mume, afundishwe usafi, adabu na kujilinda mwili wake, yale mengine yasubiri. Wa tatu alikataa na mpaka leo amekataa.

Ila ukisema tuupige marufuku, utaenda porini. Kuna vijiji walishawahi kukatazwa, wakafanya usiku bila ngoma. Hapo hata mimi siwezi kuingia.

#3, sijabisha kuhusu damu wala sitabisha.

#6 Mwana_wa_Malya

Uzi mtamu huu. Ngoja niwarudishe nyuma.

Mnaongea kama jambo hili limeanza jana. Mimi nimekulia Malya, wilaya ya Kwimba, pale penye chuo cha michezo. Mwaka 1982 na 1983 walikuja walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba. Sisi tulikuwa watoto wa shule tunachungulia. Hawakuja na igizo mfukoni. Waliwauliza vijana wa kijiji: tatizo lenu nini? Moja ya yaliyotoka ni wasichana kupata mimba na kukatishwa shule. Vijana wakalitengeneza wenyewe kwa ngoma zetu za Kisukuma na michezo ya kuigiza.

Ninachokumbuka ni baada ya kucheza. Watu hawakuondoka. Mzee mmoja alisimama akasema wasichana wa siku hizi hawana adabu. Mama akasimama akamuuliza, na hao wanaowapa mimba ni nani, si watoto wenu? Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mwanamke akimjibu mzee hadharani. Hakumjibu kama nafsi yake. Alijibu kana kwamba bado yuko ndani ya mchezo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kaa chini.

Hapo ndipo jibu langu kwa #1 lilipo. Sanaa inampa mtu ruhusa ya kusema asichoruhusiwa kusema.

#7 Tausi_Kibaha

Asante Mwana wa Malya, umenikumbusha TUSEME ya FAWE, lile jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika: klabu za shule ambako wasichana wanasema matatizo yao kwa sanaa. Nilikuwa klabu ya TUSEME kidato cha 2.

#8 Mwana_wa_Malya

Karibu. Sahihisho dogo: FAWE waliipokea na kuisambaza nchi nyingine za Afrika, lakini TUSEME ilianzia hapahapa mwaka 1996, idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa watu walewale wa Malya. Ni mbegu moja.

#9 Tausi_Kibaha

Sawa, nimekubali. Basi niseme yangu.

Shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu anayewaita wasichana nyumbani kwake kusahihisha madaftari. Kila mtu alijua. Hakuna aliyewahi kuandika barua wala kumwendea mkuu. Klabu ikatengeneza igizo la dakika 15 la bwana shamba anayewaita vifaranga bandani kuwahesabu. Tulilicheza siku ya wazazi. Ukumbi ulicheka mwanzo, kisha ukanyamaza taratibu, benchi hadi benchi, kadiri watu walivyokuwa wanaelewa. Mama yangu alikuwa mstari wa pili, nikaona mkono wake umeenda mdomoni.

Muhula uliofuata yule mwalimu hakuwepo. Alihamishwa tu, hakushitakiwa. Nimeumia na hilo mpaka leo, maana alikokwenda nako kuna wasichana.

#10 Mchungulia_Dirisha

Pole dada. Ila si unaona? Igizo limemhamisha, sheria ndiyo ingemfunga.

#11 WakiliMdogo

Na sheria nayo ina hadithi yake. Kifungu cha 13 na cha 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 viliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa amri ya mahakama, wakati mvulana ni 18. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, akafungua kesi kuvipinga, Mahakama Kuu ikamkubalia Julai 2016, Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa Oktoba 2019. Mimi nimeisoma ile hukumu neno kwa neno. Swali ni je, yule baba wa Newala aliisoma? Aliyemfikia ni nyakanga.

Sisemi sheria haina kazi. Nasema hukumu inahitaji mtu wa kuitembeza kijijini, na mara nyingi sisi mawakili hatujui njia.

#12 Redio_Mbao

Nashangaa uzi umefika hapa hamjaitaja redio. Twende na Wakati! Mchezo wa kuigiza wa Redio Tanzania kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, kuanzia Julai 1993. Nchi nzima ilikuwa inamfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu. Saa ikifika baba alikuwa anazima karabai kubwa kuokoa mafuta, tunabaki na koroboi na redio. Mama alikuwa anamwita Tunu "mwanangu" kana kwamba yuko chumba cha pili. Tunu alipoamua kusimama kwa miguu yake, mama alipiga vigelegele peke yake gizani, na baba hakusema kitu. Mdogo wetu wa mwisho amezaliwa 1992. Baada yake hakuna mwingine, hesabuni wenyewe.

#13 Mgogo_Halisi

Nchi nzima ukiondoa sisi. Dodoma tulirukwa mpaka 1995. Watafiti waliiacha Dodoma isisikie ili walinganishe na mikoa inayosikia. Redio ya mama yako ilikuwa inakuja na Tunu, ya mama yangu ilikuwa inapiga vipindi vingine.

#14 Redio_Mbao

Nimekupata Mgogo, na asante. Hilo sikulijua. Lakini si ndiyo linaupa nguvu ushahidi? Walilinganisha, wakakuta sehemu zilizosikia watu waliongezeka kwenda kliniki za uzazi wa mpango.

#15 Mgogo_Halisi

Linaupa nguvu ushahidi, ndiyo. Mama yangu amezaa mara mbili katika miaka ile. Sisemi ni kwa sababu ya redio. Nasema nilipolijua hili nikiwa mtu mzima, nilikaa kimya siku nzima. Haki ya kusikia nayo ni haki.

#16 BintiNewala

Mgogo, nimelisoma mara tatu hilo.

Na kwa Redio_Mbao: redio ina swichi, na swichi iko mkononi mwa mtu mwingine. Mnakumbuka Septemba 2018? Baada ya kauli ya Rais Magufuli kule Meatu kuhusu watu kuzaa, ikatoka barua ya Wizara ya Afya kusitisha matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye televisheni. Yakakatika. Kina mama wa kikundi chetu waliniuliza, je, kijiti cha uzazi wa mpango kimeshapigwa marufuku? Hakikupigwa, huduma ziliendelea, lakini ukimya uliwatisha. Kipindi hicho chote ngoma haikukatika, kwa sababu haikuwa ya mfadhili wala ya kituo chochote.

#17 AsiyeItwaMama

Nimekuwa nasoma tu tangu juzi. Naomba nami niseme.

Mnapoongea haki ya uzazi nyote mnaongea kuzuia mimba au kuchelewesha mimba. Mimi nina miaka 38, ndoa ya miaka 12, sijapata mtoto. Nimechezwa, nimeimbiwa, nimefundwa, na kila wimbo niliofundishwa ulikuwa unanisubiri nizae. Nikienda msibani, arusini, najifunga kanga kama wote. Shangazi wa mume wangu alinitunza doti ya "Nani kama mama" mbele ya watu, watu wakacheka kwa chini. Mimi nilishukuru, nikaikunja, nikaiweka. Mpaka leo haijafuliwa hata mara moja.

Kwa hiyo mnaponiambia sanaa ina nguvu, naamini. Imenipiga. Hakuna aliyewahi kumwambia mume wangu akapime, kwa sababu hakuna wimbo wa mwanamume asiyezaa. Bibi wa Newala akitunga tena, mwombeni atutungie na sisi.

#18 Kigoda

Dada AsiyeItwaMama, mkeka wangu huu hapa, kaa.

#19 MkungaWaZamu

#17, nakuja PM na jina la kliniki na daktari anayewapokea wote wawili, mume na mke, siku moja. Na nakushukuru. Kazini tunahesabu waliozaa tu.

#20 Mswahili_wa_Minneapolis

Salaam kutoka Marekani. Alilosema #17 ndiyo maana halisi ya haki ya uzazi. Neno lenyewe kwa Kiingereza, "reproductive justice", lilitungwa Chicago mwaka 1994 na wanawake 12 Weusi, kabla ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa idadi ya watu kule Cairo. Waliona wenzao Wazungu wanapigania haki ya kutoa mimba tu, wakati kwao historia ni nyingine: walizuiwa kuzaa kwa nguvu, walifungwa vizazi bila kuulizwa. Wakasema haki ni kuzaa, kutozaa, na kulea uliowazaa mahali palipo salama. Vyote pamoja.

Nao wanatumia sanaa mpaka leo. Nilikwenda Montgomery, Alabama. Kuna sanamu tatu za Michelle Browder, zilizinduliwa 2021, za Anarcha, Lucy na Betsey. Hao walikuwa watumwa waliopasuliwa na daktari Sims miaka ya 1840 bila dawa ya ganzi, akijifunza kutibu fistula, lile tundu la uzazi mgumu linalomfanya mwanamke avujwe na mkojo. Anarcha peke yake alipasuliwa karibu mara 30. Sanamu zimechomelewa kwa vyuma chakavu vilivyochangwa, minyororo, gia, mikasi. Nilimsimamia Anarcha chini, kichwa changu hakifiki kiunoni kwake. Sanamu ya yule daktari ilikuwa Central Park, New York, mpaka 2018 ilipoondolewa.

Pembeni yangu mama mmoja alikuwa anawaeleza wajukuu zake. Hakusoma kibao. Alikuwa anawaonyesha kwa kidole, chuma kimoja kimoja.

#21 MkungaWaZamu

Fistula! Umenigusa penyewe. Nimewaona waliokaa nayo miaka 10 wakidhani ni laana, wamefukuzwa na waume, wanalala banda la kuku. Na hapa nakubali kidogo kwa BintiNewala: wengi niliowapeleka waliambiwa na mtu aliyesikia igizo au wimbo kwamba inatibika. Lakini kilichowafikisha hospitali ya CCBRT Dar ni matibabu ya bure na nauli iliyotumwa kwa M-Pesa. Wimbo bila nauli ungewaacha palepale bandani, safari hii wakiwa na habari njema tu.

#22 MwanaTharaka

Hamjambo, natoka Tharaka, Kenya. Sisi tulijaribu kitu kama cha BintiNewala mwaka 1996, sherehe mbadala ya tohara ya wasichana. Tuliiita Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Shirika la Maendeleo ya Wanawake lilikuwa ndani yake. Wasichana wanakaa ndani wiki moja, wanafunzwa na wanawake wanaowaheshimu, wanatoka kwa nyimbo, zawadi na karamu. Kila kitu kipo isipokuwa wembe. Dadangu mkubwa alipitia.

Mimi nakwambia imesaidia nyumba nyingi. Lakini pia nina binamu aliyeimba na kucheza siku ile, akapewa cheti, halafu Desemba nyanyake akampeleka kwa jirani usiku akakatwa. Kwa nini? Kwa sababu nyanya hakuwa kwenye ule mpango. Mpango ulizungumza na mama na msichana. Mwenye kauli ya mwisho alikuwa ameketi nje ya boma.

Kwa hivyo BintiNewala, yule nyakanga wako wa tatu aliyekataa ndiye muhimu kuliko wale wawili.

#23 BintiNewala

MwanaTharaka, umenipa kazi. Ni kweli tumekuwa tunampita.

#24 Bukavu_Mama

Jambo wote. Hapa kwetu Bukavu, ospitali ya Panzi ya docta Mukwege, bamama waliobakwa vitani bako na studio ya muziki ndani ya matibabu. Unaketi na mwenye kutengeneza muziki na mwanasaikolojia, unaandika wimbo wako wewe mwenyewe, unauimba, wanaurekodi, na nyimbo zingine zinapita kwa redio ya hapa. Nilisindikiza jirani yangu. Miezi minne hakuwa anasema kitu, hata jina ya mtoto aliyezaliwa na ile mambo hakumpa. Siku ya kurekodi alimpa jina ndani ya wimbo. Sisi wote tuliosimama nje ya kioo tulisikia jina ya mtoto mara ya kwanza kwa kipaza sauti.

Mnauliza kama wimbo unageuza kijiji. Mimi sijui kijiji. Wimbo ulimgeuza yeye, kisha yeye akatugeuza sisi majirani.

#25 Kigoda

Hapa nimeshindwa kuandika kitu.

#26 Pwani_Asili

Mimi naona mnazunguka. Siri ni fumbo. Mswahili hupigwa kwa fumbo, na hawezi kulalamika kwamba kapigwa, maana akilalamika kakubali kwamba ni yeye. Ndiyo kazi ya taarabu, ndiyo kazi ya kanga. Baba wa #1 angeambiwa wazi angekuja na panga. Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarabu, alikuwa na msondo wake Zanzibar, ngoma ya unyago, anawafunda wali mambo ambayo redio haiwezi kuyasema, mpaka alipofariki 2012.

Na msidhani dini ni kizuizi. Sheikh wa mtaa wetu alianzia Al-Baqara aya ya 233, mama kunyonyesha miaka miwili kamili. Akawaambia wanaume, anayetaka kutimiza aya hii atapangaje uzazi wake? Vijana wa madrasa wakatunga kasida. Inasomwa kwenye maulidi.

#27 Tausi_Kibaha

Bi Kidude ni 17 Aprili 2013, mkuu. Mengine yote umenena.

#28 Pwani_Asili

Ahsante Tausi, ni 2013.

#29 Mchungulia_Dirisha

Basi mtengeneze kanga yenu tumalize. Kanga zenyewe si zilianza 1887 Mombasa kwa yule Mali ya Abdulla?

#30 Pwani_Asili

Hilo ndilo duka la Kaderdina Hajee Essak kuanza biashara. Kanga yenyewe imelitangulia duka. Anachosifiwa nacho ni kuweka maneno, lile jina chini ya mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga. Na ni kwa sababu ya jina ndiyo tunaongea hapa, vinginevyo ingekuwa nguo tu.

Ila wazo lako zuri. Pindo la korosho, mjini mtungi, na jina...

#31 Kigoda

"Shingo haijakomaa, mtueni mtungi."

#32 WakiliMdogo

Refu. Jina la kanga lisomeke mwanamke akiwa anatembea.

#33 AsiyeItwaMama

"Mtueni." Neno moja. Litawafaa na wengine.

#34 Mzigo_Mzito

Kabla hamjachapa kanga, mimi nimekuwa kwenye vikundi vya sanaa miaka 14, Mbeya na Dodoma. Mradi unakuja na igizo limeshaandikwa. Mnapewa fulana na kofia, mnapewa posho, mnacheza viwanja 40, picha zinapigwa. Mradi ukiisha igizo linakufa siku hiyohiyo, na wale wasichana wa kikundi wanarudi kwenye maisha waliyokuwa wanayakemea jukwaani. Mmoja wetu aliyekuwa anaigiza "binti aliyekataa" alipata mimba katikati ya ziara. Hakuna aliyemuuliza anahitaji nini. Alibadilishwa tu, nafasi yake akapewa mwingine, fulana ileile.

Tunaambiwa kikundi cha jamii, lakini hatukuwahi kuulizwa hata neno moja la igizo. BintiNewala, wewe mlimwachia bibi atunge. Kwangu mimi hilo ndilo jibu. Akija mtu na pesa akataka kuweka nembo kwenye ngoma, mwambieni ngoma ina mwenyewe.

#35 BintiNewala

Mzigo Mzito, tayari wamekuja. Shirika moja limetuomba wimbo tuwape kwa video, na wanataka tuongeze ubeti unaotaja vidonge, sindano, kitanzi na kijiti. Kikundi kimegawanyika. Wenzangu wanasema pesa ile itanunua nauli za kliniki mwaka mzima, yaani kilekile anachodai Mkunga. Mimi naogopa ubeti ule utauvunja mguu wimbo. Nilimpigia bibi jana. Akauliza jambo moja tu: "Hao wanaotaka kuongeza, wao wataitikia?"

#36 MkungaWaZamu

Chukueni pesa, dada. Ubeti uimbwe kwenye video, unyagoni uimbwe wa bibi. Nauli ni nauli.

#37 Mzigo_Mzito

Mkunga, kwa heshima zote, siwezi kukubaliana na wewe. Wakishaweka video, mwaka ujao watoto wataimba ya video.

#38 MkungaWaZamu

Labda. Mimi natoka zamu ya usiku. Tulikuwa na kina mama saba. Kila mmoja anakuja na doti zake za kanga, tunatandika moja, moja ya kumfunikia, moja ya mtoto, na mimi nina tabia ya kusoma majina wakati nasubiri njia ifunguke. Nimesoma kanga nyingi kuliko vitabu. Saa 10 alfajiri aliingia binti wa miaka 17, ameletwa na bodaboda, hana ndugu, ana kanga moja imechakaa jina halisomeki tena. Nilimfunika ya kwangu. Amejifungua salama, mtoto wa kike, kilo 2.8. Akaniuliza, "Nesi, imeandikwa nini?" Hajui kusoma. Nikamsomea.

#39 MwanaTharaka

BintiNewala, na yule wa tatu mmemwendea?

#40 BintiNewala

Tunakwenda Jumamosi. Bibi mkubwa amesema tusimwendee na maneno, anakuja yeye na ngoma yake, atampigia wimbo mpaka mwisho na kumwomba autie ubeti wa kwake. Akikubali, ubeti huo ni wake na hatutaugusa. AsiyeItwaMama, ombi lako nimemfikishia. Alinyamaza kwenye simu muda mrefu nikadhani imekatika. Kisha akasema nikuulize unapenda kuitwa nani.

#41 AsiyeItwaMama

Mwambie Zuhura.